Ludwig Bockholt: Nahodha wa meli ya angani iliyotumwa kwetu ikageuka njiani

Ukitoka Sumbawanga ukapita Matai, njia inagawanyika. Mkono mmoja unateremka hadi Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na mwingine unakwenda Kasesya, mpakani, na kuvuka hadi Mbala nchini Zambia. Kasanga bado yapo magofu ya boma la Wajerumani, na enzi hizo mji uliitwa Bismarckburg. Mbala nayo iliitwa Abercorn. Ni hapo Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, jeshi la mwisho la Wajerumani katika Afrika Mashariki liliposalimisha silaha zake kwa Waingereza.

Habari hiyo wengi wetu tumeisikia kwa wazee au tumeisoma shuleni. Isiyosimuliwa sana ni kwamba mwaka mmoja kabla ya siku hiyo, Ujerumani ilijaribu kuliokoa jeshi hilo kwa kuliletea mizigo kwa njia ya anga, kutoka Ulaya moja kwa moja hadi nchi ambayo leo ni Tanzania. Aliyepewa kazi hiyo alikuwa ofisa wa jeshi la majini, Kapteni-Luteni Ludwig Bockholt. Leo majeshi mengi yana vikosi vizima vya ndege za mizigo. Bockholt alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuifanya kazi hiyo kwa safari ndefu. Haya ndiyo maisha yake ya kijeshi, na yanavyotuhusu sisi wa Ufipa.

Baharia aliyepanda angani

Bockholt alikuwa baharia. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, jeshi la majini la Ujerumani lilikuwa na kikosi chake cha meli za angani, zilizoitwa zepelini kwa jina la Ferdinand von Zeppelin, aliyezianzisha.

Zepelini haikuwa ndege ya mabawa kama tunazoziona leo. Ilikuwa na umbo refu kama sigara, mifupa ya chuma chepesi na ngozi ya kitambaa. Ndani yake mlipangwa mifuko mikubwa ya gesi ya haidrojeni, ambayo ni nyepesi kuliko hewa, na hiyo ndiyo iliyoiinua. Injini zilikuwa za kuisukuma mbele tu. Uzuri wake ni kwamba iliweza kukaa angani siku kadhaa na kubeba uzito ambao ndege za mabawa za wakati ule zisingeweza kuupeleka mbali. Ubaya wake ni kwamba haidrojeni hushika moto kwa cheche moja.

Mwaka 1917 Bockholt alikuwa kamanda wa zepelini iliyoitwa L23, akilinda doria juu ya Bahari ya Kaskazini. Tarehe 23 Aprili mwaka huo alifanya jambo ambalo halikuwa limezoeleka. Aliiona jahazi kubwa ya Norway iliyoitwa Royal, iliyokuwa imebeba mbao, akashusha zepelini yake hadi usawa wa maji, akapandisha watu wake wachache kwenye jahazi ile na kuiteka. Ikapelekwa Ujerumani kama mateka.

Habari hiyo ilimpa jina. Lakini wanaoandika historia ya meli hizi wanaeleza kwamba mkuu wa kikosi, Peter Strasser, hakufurahishwa na kitendo cha kuhatarisha chombo kizima kwa ajili ya shehena ya mbao. Wanaeleza pia kwamba ilipotafutwa meli ya kupelekwa safari ambayo haikutarajiwa kurudi, Bockholt alichaguliwa kwa sababu Strasser aliona anaweza kumkosa, kuliko kuwakosa makamanda wake wazoefu zaidi. Kwa hiyo kazi iliyolibakiza jina lake katika historia huenda hakuipata kwa sababu ya kuaminiwa sana.

Jeshi lililokwama kusini

Ili kuelewa safari yenyewe, turudi kwetu. Mwaka 1917 jeshi la Wajerumani hapa lilikuwa chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Sehemu kubwa ya wapiganaji wake walikuwa askari Waafrika. Waingereza na Wabelgiji walikuwa wameshachukua maeneo mengi. Boma la Kasanga lenyewe lilitekwa na Waingereza Juni 1916. Jeshi la Lettow lilikuwa limesukumwa hadi kusini mashariki, kwenye uwanda wa Makonde.

Walikosa risasi, dawa na nguo. Meli za kivita za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani. Ni meli mbili tu za mizigo kutoka Ujerumani zilizowahi kupenya: Rubens, iliyofika ghuba ya Manza karibu na Tanga Aprili 1915, na Marie, iliyofika Sudi kule Lindi Machi 1916. Baada ya hapo njia ya bahari ilikufa.

Daktari mmoja aliyeitwa Max Zupitza, aliyewahi kufanya kazi katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika, akatoa wazo: kama baharini hakupitiki, mizigo ipite angani. Wakubwa walikubali. Hesabu ilionyesha kwamba zepelini iliyorefushwa ingeweza kutoka Yambol, mji wa Bulgaria, nchi iliyokuwa upande wa Ujerumani, ikavuka Bahari ya Mediterania, jangwa na Sudan, ikashuka Makonde.

Ila isingeweza kurudi. Huku hapakuwa na haidrojeni ya kuijaza upya. Kwa hiyo mpango ulikuwa kuibomoa ikifika na kutumia kila kipande: kitambaa kiwe mahema na nguo, mifupa iwe nguzo za mitambo ya mawasiliano na za vibanda, na ngozi iliyotandikwa njia za ndani iwe viatu. Nao wafanyakazi wake wangebaki kupigana pamoja na askari wa Lettow. Bockholt na wenzake walijua hivyo tangu mwanzo.

L57 yateketea, L59 yaondoka

Meli ya kwanza iliyoandaliwa, L57, haikutoka hata Ujerumani. Oktoba 1917 Bockholt aliitoa kuijaribu wakati hali ya hewa ilikuwa mbaya. Dhoruba ikaizidi nguvu wakati wa kuirudisha, ikavunjika na kuteketea kwa moto. Lawama zilimwangukia yeye. Hata hivyo hakuondolewa. Ikaandaliwa nyingine haraka, L59.

L59 ilirefushwa hadi mita 226 na nusu. Chukua viwanja viwili vya mpira, uviweke goli kwa goli. Meli hiyo ingevizidi. Ilikuwa na injini tano na watu 22, akiwamo Dakta Zupitza. Shehena yake ilikuwa tani 15 hivi: bunduki 30 za rashasha, risasi karibu laki nne, magunia 61 ya dawa na vifaa vya hospitali, darubini, mapanga, vipuri vya mitambo ya mawasiliano, barua, na hata vifaa vya kushonea.

Mwanzoni mwa Novemba iliruka kutoka Staaken, karibu na Berlin, hadi Yambol. Kutoka hapo ilijaribu mara mbili kuanza safari ikarudi. Mara ya tatu, asubuhi ya tarehe 21 Novemba 1917, iliondoka.

Siku nne angani

Ilipita juu ya Uturuki, na usiku karibu na kisiwa cha Krete ikaingia kwenye radi. Cheche za umeme zilionekana zikicheza juu ya mwili wa meli iliyojaa gesi ya kuwaka. Haikuungua. Asubuhi ya tarehe 22 ilifika pwani ya Afrika, ikaanza kulivuka jangwa.

Hapo Bockholt alikutana na tatizo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuacha mpira juani atalielewa. Mpira ukipata joto hewa yake hutanuka, ukipata baridi hunywea. Mchana jua la jangwa lilitanua gesi, ikabidi nyingine iachiwe itoke ili mifuko isipasuke. Usiku baridi ya jangwa iliinywesha ile iliyobaki, na meli ikawa nzito. Ili isianguke, ilibidi kutupa uzito. Mchana hewa ya moto iliyokuwa ikipanda kutoka mchangani iliiyumbisha meli hadi baadhi ya watu wakatapika. Mwanga mkali uliwaumiza macho na vichwa.

Kisha injini moja ikaharibika, nayo ndiyo iliyokuwa ikiendesha mtambo wa kutuma ujumbe. Kuanzia hapo L59 iliweza kusikia simu za upepo kutoka Ujerumani, lakini haikuweza kujibu.

Ilipita oasisi za Misri, ikaukuta mto Nile, ikaufuata kuelekea kusini. Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 23 Novemba ilikuwa Sudan, magharibi ya Khartoum. Zaidi ya nusu ya njia ilikuwa imeshaliwa. Ndipo ujumbe ukapokewa: sehemu kubwa ya uwanda wa Makonde imechukuliwa na Waingereza, rudini.

Bockholt hakuwa na njia ya kuuliza. Kama angeendelea, angeweza kuteremka mikononi mwa adui na kumkabidhi tani 15 za silaha. Kama angerudi, na habari zikawa si sahihi, angekuwa amewaacha wenzake bila risasi. Aligeuza meli.

Baadaye ilisambaa habari kwamba ujumbe ule ulikuwa wa uongo, kwamba Waingereza ndio walioutuma ili kuwahadaa. Kisa hicho kinapendwa na wengi, lakini ujumbe ulitoka kwa Wajerumani wenyewe, na kuhusu Makonde ulikuwa kweli. Jeshi la Lettow lilikuwa limeshaanza kuhama.

Kurudi nako hakukuwa rahisi. Usiku ule ule meli ilinywea na kushuka hadi ikakaribia kugonga ardhi, wakatupa maji ya uzito na sehemu ya risasi ili ipande. Asubuhi ya tarehe 25 Novemba ilitua Yambol. Ilikuwa imekaa angani saa 95 bila kutua, na imekwenda kilomita 6,757. Kwa basi, huo ni kama mwendo wa kwenda Dar es Salaam kutoka Sumbawanga na kurudi, mara tatu, na bado mafuta yaliyobaki yangetosha kwa saa 64 nyingine. Hakuna chombo cha anga cha kivita kilichokuwa kimewahi kufanya safari ndefu kama hiyo.

Siku ile ile, mto Ruvuma

Siku ile ile L59 ilipotua Yambol, tarehe 25 Novemba 1917, Lettow alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, na hapo Ngomano akaishambulia kambi ya Wareno. Aliwateka, akapata mamia ya bunduki na risasi takriban 250,000. Mzigo ambao meli ya angani ilishindwa kuuleta kutoka Ulaya, aliupata kwa adui. Siku tatu baadaye kundi lake jingine, lililoongozwa na Kapteni Theodor Tafel, lilijisalimisha kwa njaa na kukosa risasi. Kundi hilo lilikuwa bado upande wa kaskazini wa mto.

Kwa risasi za Ngomano na nyingine alizoteka njiani, Lettow aliendelea kupigana mwaka mzima. Alizunguka Msumbiji, akarudi Tanganyika Septemba 1918, akapita Songea na Njombe, akaingia Zambia ya leo hadi Kasama. Alipata habari kwamba vita imekwisha akiwa mto Chambeshi, siku mbili tatu baada ya Ulaya kuweka silaha chini tarehe 11 Novemba. Ndipo akaja Mbala, jirani zetu, tarehe 25 Novemba 1918. Walikuwa Wazungu 155, askari Waafrika zaidi ya 1,100, na wapagazi na wanawake waliowazidi askari kwa wingi. Kutoka Mbala waliteremshwa hadi Kasanga, wakapanda meli ya ziwani kwenda Kigoma na baadaye treni. Wakati huo homa kali ya mafua ya mwaka 1918 ilikuwa imeshaingia, na wengi waliookoka risasi waliuawa na homa.

Mwisho wa Bockholt

Bockholt hakuishi hadi siku hiyo. Baada ya safari ya Afrika, L59 haikubeba tena mizigo. Iligeuzwa kuwa ya kudondosha mabomu. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Machi 1918 aliiongoza hadi mji wa Naples, Italia, ikadondosha karibu tani sita za mabomu, na raia wakauawa. Alijaribu pia kuifikia Port Said kule Misri bila kufanikiwa.

Jioni ya tarehe 7 Aprili 1918 alikuwa njiani kwenda kushambulia Malta. Juu ya mlango wa bahari wa Otranto, kati ya Italia na Albania, watu wa nyambizi ya Kijerumani waliiona meli ikipita juu yao, kisha wakaona moto mkubwa na kusikia mlipuko. L59 iliangukia baharini ikiwaka. Hakuna aliyepona. Hakuna upande uliodai kuiangusha, kwa hiyo inaaminika kwamba ilikuwa ajali ya ile gesi yenyewe. Ilikuwa miezi minne na nusu tu tangu usiku ule wa Sudan.

Alichofanikisha, na mzigo ulibaki kwa nani

Ukipima kwa vipimo vya kijeshi, Bockholt alifanya jambo kubwa. Alithibitisha kwamba shehena nzito inaweza kupelekwa bara jingine kwa njia ya anga bila kutua. Miaka 30 hivi baadaye, ndege za mizigo ziliulisha upande wa magharibi wa mji wa Berlin uliokuwa umezingirwa. Leo ndege ya kijeshi aina ya C-130, ambayo majeshi mengi ya Afrika yanaitumia, hubeba uzito unaozidi kidogo tu ule wa L59, na kwa masafa yale ingelazimika kutua njiani kuongeza mafuta.

Lakini tupige hesabu nyingine, ya kwetu. Mpagazi wa vita ile alibebeshwa takriban kilo 25, mbali na chakula chake. Tani 15 ni mizigo 600. Meli moja ya angani ilikuwa sawa na msafara wa watu 600, ambao ukienda kwa mstari mmoja kwenye njia ya miguu, wa mbele anaweza kufika kambini wakati wa nyuma bado yuko mbali.

Na hao ndio walioibeba vita ile. Mbung'o waliua punda, ng'ombe na farasi wa majeshi, magari yalikwama kwenye tope, na reli hazikufika huku kwetu. Kila sanduku la risasi lilipanda milima kwa bega la mtu. Pande zote mbili zilichukua wanaume vijijini, mara nyingi kwa nguvu, katika nchi zote walizopita, uwanda wa Ufipa ukiwa njia mojawapo ya majeshi kutoka Zambia ya leo. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa wanahesabiwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi wao kwa njaa, kuhara na uchovu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao waliopiga kambi pale.

Je, tumsikitikie Bockholt kwa kutofika? Hapa maoni yanaweza kutofautiana. Angefika, pengine magunia 61 ya dawa yangewaokoa askari na wapagazi kadhaa. Lakini dawa hizo zilikuja pamoja na bunduki 30 za rashasha na risasi karibu laki nne. Zingeshushwa Makonde na kupangwa upya, na kutoka hapo hakuna zepelini nyingine ambayo ingezipeleka mbele. Zingewekwa kwenye vichwa na mabega ya watu. Mimi naona kwamba safari ile ikifanikiwa, ingewaongezea wapagazi mzigo, na wanakijiji miezi ya kuporwa ulezi na mahindi yao. Wakati Bockholt anageuka usiku ule, bila kujua, aliwaondolea watu asiowafahamu sehemu ya mzigo huo. Sehemu nyingine iliwafikia kwa njia ya Ngomano.

Maofisa kama yeye wanaandikwa kwa majina, vyeo na saa walizokaa angani. Wapagazi wengi hawakuandikwa hata majina. Kwa hiyo ukiwa Matai, Kasanga, Laela au Mwimbi, na nyumbani kuna mzee ambaye babu yake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita ya Wajerumani na Waingereza, muulize jina la babu huyo na alikopita, uliandike kabla halijapotea.